Bado ya Bawabu

Kabla jua halijachomoza nyuma ya milima ya Uluguru, Mfagizi alikwishaanza kazi katika mtaa wa Kihonda, na kama kawaida yake alifagia huku akiimba. Alikuwa roboti mpana, wa kijani, mwenye brashi chini ya tumbo na jicho moja la kioo usoni. Alifyonza vumbi, majani na maganda ya miwa, akayasaga tumboni, akayatema yakiwa mbolea kwenye bustani za kando ya barabara. Wageni waliofika Morogoro walisimama kumpiga picha. Hata hivyo, kilichowashangaza zaidi kilikuwa sauti yake, sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye mkwaruzo mtamu mwishoni mwa kila neno. "Jamani pisheni," aliimba, "pisheni nipite." Na watu walipisha huku wakitabasamu.

Mwanamuziki mmoja, dada aliyeitwa Sikujua Kobelo, hakutabasamu. Alifunga dirisha kwa kishindo, kikombe cha chai kikaanguka kutoka mezani, naye akakitukana kikombe. Sauti ile aliijua vizuri. Ilikuwa ya Tausi Mgaya, rafiki yake, binadamu mwenye nyama na damu, ambaye saa ile alikuwa anapanga nyanya zake sokoni.

Ili msomaji aelewe hasira hizo, sharti nieleze mambo yalifikaje hapo, nami nitajitahidi kueleza bila kumtukana mtu.

Miaka ile mitambo tunzi ilikuwa imezagaa kila mahali. Mtambo tunzi ni kidude cha kukaa kiganjani. Unakiambia, "Nipe wimbo wa harusi ya shangazi, uwe na gitaa," na kabla hujameza mate wimbo umetungwa, umepigwa na umeimbwa. Nyimbo zikawa nyingi kuliko masikio. Basi Baraza la Sauti, lililokuwa na wasomi watupu, likapitisha Sheria ya Shahidi. Ilikuwa sheria ya nia njema, kama zilivyo sheria nyingi zinazotuumiza. Ilisema hivi: wimbo mpya ukitoka, lazima apatikane binadamu mmoja, mwenye blogu iliyosajiliwa, aandike kwamba ameusikia kwa masikio yake mwenyewe. Huyo ndiye shahidi. Wimbo ukimaliza msimu bila shahidi, unahesabiwa kuwa zao la mtambo na kumwagwa katika Hodhi la Sauti. Humo hodhini kila mtengenezaji wa vifaa huchota bure. Akitaka sauti ya lifti, atachota. Akitaka ya birika, atachota. Akitaka ya roboti la kufagia, ndiyo hivyo tena.

Wimbo wa Tausi ulikosa shahidi. Miezi michache baadaye mji mzima ulikuwa unasemeshwa na koo lake, isipokuwa yeye mwenyewe, maana kuimba aliacha, na kuzungumza nako akaanza kupunguza. Pale sokoni akimtajia mteja bei ya nyanya, watoto waliokuwa nyuma yake walisogea pembeni, wakidhani Mfagizi anapita. Mwanzoni Tausi alicheka nao. Siku hizi huandika bei kwenye kipande cha boksi na kukinyooshea kidole.

Sasa zamu ilikuwa ya Sikujua. Msimu wa wimbo wake ulikuwa unafungwa Ijumaa, na leo ilikuwa Jumatano.

Alikuwa msanii wa kujitegemea, maana yake alijitungia, alijirekodia, alijichorea picha ya jalada na alijibembelezea mwenyewe. Wasanii wa makampuni hawakuwa na shida. Makampuni yaliwalipa waandishi wao mishahara, na shahidi alipatikana kabla hata wimbo haujapoa. Kwa mtu asiye na kampuni, Morogoro nzima ilikuwa imebakiwa na blogu moja tu, "Kasoro Bahari," ya mzee Audifasi Mbena wa Bigwa. Zamani wasanii waliisoma blogu hiyo wakiwa wamekaa chini, maana Mbena akikusifu unaweza kuzimia na akikusema unaweza kuzimia vilevile. Lakini barua zilipomzidi, mzee alinunua Bawabu, mashine ya kupokea barua za wasanii na kuzijibu kwa niaba yake.

Sikujua naye alikuwa na Tarishi, mashine ya kuandika na kupeleka barua. Kwa hiyo msimu mzima mashine yake ilikuwa imezungumza na mashine ya mzee, kwa heshima kubwa, na hakuna binadamu aliyesikia hata noti moja.

"Tarishi," aliita asubuhi hiyo akiokota vipande vya kikombe. "Kuna jibu?"

"Lipo, dada, tena zuri," Tarishi alijibu kutoka ukutani. "Bawabu amesema bado."

"Bado nini?"

"Bado wimbo haujasikilizwa. Nakupongeza. Bado maana yake utasikilizwa."

"Jana alisemaje?"

"Bado."

"Na juzi?"

"Bado. Anaonyesha msimamo usioyumba. Nashauri tubadilishe mstari wa kwanza wa barua, na tuisifu makala ya karibuni ya mzee Mbena. Wenye blogu hupenda kusifiwa makala zao."

"Makala yenyewe inaitwaje?"

"Inaitwa 'Nangoja'. Ina neno hilo moja tu, na imetimiza miaka saba. Naweza kuandika kwamba imenigusa sana."

Sikujua alichukua kanga, akamfunika nayo Tarishi kama mtu anayefunika kasuku, akatoka nje kupunga hewa.

Hemedi Chambuso, aliyempigia besi katika wimbo ule, alimkuta kibarazani ameshika tama. Hemedi alikuwa mtu wa maneno mengi na haraka chache. Alisikiliza kisa chote cha Bawabu, akacheka mpaka akakohoa.

"Dada Siku, wewe mtu mzima. Akufukuzaye hakwambii toka."

"Lakini amesema bado, Hemedi. Hajasema hapana."

"Nani mjini hapa anasema hapana? Kamuulize mjomba wangu, ana miaka sabini hajawahi kuoa. 'Mjomba, umeoa?' 'Bado.' Bado ya wapi, na meno yenyewe yamekwisha?"

Hapo Hemedi alikuwa amegusa penyewe. Watu wetu hapana tunaiogopa. Ni neno la kumfungia mtu mlango usoni. Bado huuacha wazi kidogo, hata kama nyumba yenyewe ilikwishabomolewa. Waliomfundisha Bawabu lugha walimlisha mazungumzo yetu ya kila siku, ya sokoni, msibani na ofisini, wakamwagiza awe na adabu. Naye akajifunza adabu kama tulivyo nayo, na neno hilo ndilo alilolikuta kila mahali.

"Sasa nifanye nini?" Sikujua aliuliza. "Ijumaa ikipita, wataniweka kwenye lifti. Nitakuwa napanda ghorofani huku najiambia mwenyewe mlango unafungwa."

"Umeshakwenda kwake?"

"Kwenda vipi?"

"Kwa miguu. Bigwa si hapo tu. Unafika, unapiga hodi."

Sikujua alimtazama kana kwamba amemwambia aende uchi. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu watu waache kutembeleana bila mashine zao kupatana kwanza. "Nikaonekane naombaomba kwenye mageti ya watu?"

"Kwani sasa hivi unafanya nini?" Hemedi alisema.

Alikwenda siku ileile. Mama yake alimlea asiende kwa mtu mikono mitupu, hivyo alinunua chane ya ndizi njiani, akaikumbatia mpaka Bigwa huku jasho likimtoka na hasira ikimpanda. Nyumba ya Mbena ilikuwa ya zamani, yenye bati jekundu na ua wa michongoma. Bawabu alikuwa kisanduku cha shaba kilichopachikwa kwenye nguzo ya geti, chenye taa ndogo na matundu ya kutolea sauti.

"Hodi!"

"Karibu, dada, karibu sana," Bawabu alisema kwa sauti laini. "Habari za utokako?"

"Nzuri. Mimi ndiye Sikujua Kobelo. Umeshausikiliza wimbo wangu?"

"Bado, dada."

"Utausikiliza lini?"

"Mungu akijalia."

Sikujua alitua ndizi chini. Alikuwa na maneno ya msimu mzima kifuani, na alikuwa amepanga kuyamwaga yote palepale getini, ila mjomba wa Hemedi alimjia akilini.

"Bawabu, ngoja nikuulize. Umeoa?"

"Bado, dada."

"Una watoto?"

"Bado. Tuombeane."

"Una miguu?"

"Bado."

Alivuta pumzi. "Na masikio ya kusikilizia muziki, unayo?"

"Bado, dada," Bawabu alijibu kwa upole uleule. "Mimi husoma barua tu."

Msimu mzima Sikujua alikuwa amengoja, amebadilisha mistari ya kwanza, nusura asifu makala ya neno moja, na kumbe alikuwa anambembeleza kiziwi amsikilize. Alitaka kucheka, akataka kukipiga kile kisanduku kwa ndizi. Alichosema ni: "Nifungulie."

Alitegemea kuambiwa bado. Lakini waliomfundisha Bawabu walimfundisha adabu zote, si ile moja tu, na mgeni aliyekwishapiga hodi akakaribishwa hasimamishwi nje. Hakuna aliyewahi kulitumia hilo, kwa sababu hakuna aliyekuja. "Pita ndani, dada," Bawabu alisema. "Jisikie nyumbani." Geti likafunguka.

Mzee Audifasi Mbena alikuwa mrefu, mkavu, amevaa sweta wakati wa joto. Sebule yake ilikuwa na spika mbili kubwa, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya vitambaa kumewekwa maua ya plastiki. Vumbi halikuwepo. Mtu alikuwa akizifuta kila siku bila kuziwasha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Keti, mwanangu. Hizi ndizi ni zangu? Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni msanii, mzee. Mwanamuziki."

Mzee alibaki na chane mkononi. "Msanii," alisema polepole. "Kwani mpo?"

"Tupo wengi!" Sikujua alisema, na sauti ikampanda bila ruhusa yake. "Tumekuandikia mpaka tumechoka!"

"Hakuna aliyeniandikia. Kila asubuhi namuuliza Bawabu: je, leo umekuja wimbo wa kusikiliza? Kila asubuhi ananiambia..."

"Bado."

"Umejuaje?"

Kabla hajajibu, birika lililokuwa mezani liliwaka taa. "Jamani chai tayari," liliimba. "Chai tayari, jamani." Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo mtamu mwishoni.

Uso wa mzee ulilegea. "Hili ndilo pekee ninalolisikiliza kwa raha siku hizi," alisema. "Wakati mwingine nachemsha maji sina hata haja ya chai. Sijui ni mtambo gani uliotunga sauti hii, lakini siku hiyo ulibahatisha."

"Huo si mtambo, mzee," Sikujua alisema. "Ni Tausi Mgaya. Anauza nyanya sokoni. Alikuletea wimbo wake, hukuusikia, ukaingia hodhini."

Mzee aliweka ndizi chini. Aligeukia mlango, akaita kwa sauti ambayo huenda hakuitumia kwa miaka. "Bawabu! Tausi Mgaya aliniletea wimbo?"

"Ndiyo, mzee," Bawabu alijibu kutoka getini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama umekuja wimbo wa kusikiliza. Mimi sina masikio, siwezi kujua upi unasikilizika. Nawe ulisema nisikusumbue bila uhakika. Kukuambia hapana ni kukukatisha tamaa. Nikasema bado."

"Na wengine? Wameleta wengi?"

"Wengi, mzee."

Birika liliendelea kuimba. Mzee alilitazama, akainuka, akalichomoa ukutani kwa nguvu mpaka waya ukakatika. Kisha alikaa, akafunika uso kwa viganja. Aibu ilimshika waziwazi, wala hakujaribu kuificha. "Nilidhani mmekwisha," alisema. "Nilidhani mji umekufa, nikakaa matanga peke yangu."

"Na sisi tulidhani unatudharau."

"Sheria haina mlango wa kurudia. Yule mama hawezi kutolewa tena mle hodhini."

"Hawezi," Sikujua alisema. Alimwonea huruma, lakini hasira haikuwa imemwisha, na Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. "Wangu unafungwa Ijumaa, mzee. Nisikilize."

Mzee alitoa maua ya plastiki, akakunja vitambaa vya kufuma kimoja baada ya kingine, akawasha spika. Wimbo uliitwa "Kaniachia Kiti". Ulianza na gitaa lake, halafu besi ya Hemedi ikaingia kwa uvivu wake. Ubeti wa kwanza ulieleza kiti cha mama yake, kiti cha kamba kilichobaki uani baada ya msiba. Ubeti wa pili ulieleza siku ambayo mama alikikalia kwa mara ya mwisho. Mzee alifumba macho. Ulipokwisha aliurudisha mwanzo, akasikiliza tena. Sikujua alimwangalia kila kope.

"Hapana," mzee alisema.

"Hapana nini?"

"Sijaupenda."

Sikujua alidhani hakusikia vizuri. Mzee akaendelea, na kadiri alivyoendelea ndivyo mgongo wake ulivyonyooka. "Gitaa la mwanzoni ni zuri sana. Huyo wa besi anajua kazi, ila anajua kwamba anajua. Lakini ubeti wa pili, mwanangu! Unakimbia kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Ubeti wa kwanza unaniketisha, wa pili unaninyanyua na kunisukuma nje. Halafu kwenye kibwagizo unapaza sauti kufidia."

"Haukimbii!"

"Unakimbia."

"Mzee, nimetoka Kihonda na chane ya ndizi, nimehojiana na sanduku la shaba kama lina mke, ili uje uniambie ubeti wangu unakimbia?"

"Kama ulitaka kuambiwa bado, ungebaki getini."

Walibishana. Sikujua aliimba mstari mmoja palepale kuthibitisha, mzee akagonga meza kuhesabu mapigo, wote wakaongea kwa pamoja. Mwishowe Sikujua alisimama, machozi ya hasira yakimlenga. "Basi sawa. Hutaandika. Kwaheri, mzee."

"Nani kasema siandiki? Kaa chini. Sheria inataka shahidi asikie. Haijasema apende."

Aliandika palepale, kwa vidole viwili, huku akisoma kila sentensi kwa sauti. Alipomaliza alimwita Bawabu, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo kila wimbo uletwe ndani, na msanii akiuliza lolote ajibiwe ndiyo au hapana. "Umeelewa?"

"Bado, mzee," Bawabu alisema, na hawakujua kama huo ulikuwa ukweli au adabu.

Jioni Hemedi aliisoma blogu kibarazani kwa Sikujua, kwa sauti, ili majirani nao wapate habari:

"Jumatano nimeusikia 'Kaniachia Kiti' wa Sikujua Kobelo, kwa masikio yangu, mara mbili. Sijaupenda. Ubeti wa pili unakimbia. Na ndiyo maana najua ni mtu aliyeuimba, kwa kuwa mtambo haukimbii, hauna kinachoukimbiza. Tausi Mgaya naye aliimba. Nilichelewa."

"Mpigaji wa besi hakutajwa!" Hemedi alilalamika. "Na ubeti haukimbii hata kidogo. Huyu mzee amezeeka masikio."

"Amezeeka," Sikujua alisema. Wimbo ulikwishapata shahidi, hodhi lingeukosa, na kwa haki alipaswa kufurahi. Badala yake alikuwa amekasirika kuliko asubuhi. Hakuna mtu aliyewahi kuusikiliza wimbo ule kiasi cha kuukosoa, wala hakujua kwamba kukosolewa kunauma hivi.

Alichukua gitaa. "Shika besi. Tumwonyeshe."

Walipiga ubeti wa kwanza, ukaenda kama siku zote. Walipofika wa pili Sikujua alijizuia, akaupiga polepole, kila neno mahali pake, ili asikie mwenyewe kwamba mzee amekosea. Mama alikuwa ameomba maji. Mama alikuwa amesema kiti kinamfinya mgongo. Neno lililofuata lilikuwa "bado", lile alilomwambia mama wakati ule, akiwa anawahi mazoezi, ameshika gitaa mlangoni, na alilitamka kwenye rekodi kwa kasi hata Hemedi hakuwahi kulisikia vizuri.

Vidole vilisimama. Hemedi naye akaacha kupiga.

"Anasema kweli," Sikujua alisema. "Mzee mshenzi yule, anasema kweli."

Alifuta macho kwa kiganja, akamwambia Hemedi waanze tena ubeti wa pili, polepole.